Maji ya Kiangazi Ndani ya Taa

Mama Taa alikuwa amepiga magoti mbele ya gari la mumewe, bisibisi mdomoni, akitazama jambo lisiloeleweka. Taa ya ukungu ya kushoto, ile ndogo inayokaa chini kwenye bampa, ilikuwa na maji. Si ule mvuke unaotanda kwenye kioo asubuhi kisha ukaondoka wenyewe jua likipanda. Maji kamili, yamefika nusu ya taa, na ukitikisa bampa yanacheza. Ya kulia nayo vivyo hivyo.

Maji ndani ya taa hayakuwa habari kwa mwanamke aliyepewa jina na kazi hiyo. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, mlango ukitazama barabara, na wateja walimletea taa za kila namna: zilizopasuka, zilizofifia, zilizofungwa na watu wasiojua wanachofunga. Kumwaga maji alikuwa akifanya huku anapiga soga. Lakini kilikuwa kiangazi kikavu, cha kukausha mate. Vumbi lilikuwa limelala juu ya majani mpaka hujui rangi yake, na mvua watu walishaisahau. Isitoshe, taa hizi alikuwa amezikausha na kuzifunga mwenyewe hivi karibuni, na kabla ya hapo tena. Hii ilikuwa mara ya tatu.

"Baba," alimwita mumewe, "hili gari linaogelea wapi?"

Mume alikuwa amekaa kizingitini akimmenyea binti yao chungwa. Alikuwa mtu mpole, wakala wa kusambaza madaftari na kalamu madukani, mwenye sauti ya kumtuliza hata mbwa wa jirani. Hakuinua kichwa.

"Si wale waosha magari! Wanapiga mpira wa maji utadhani wanazima moto."

Lilikuwa jibu zuri, na Mama Taa angelikubali kama lisingekuja haraka vile. Alichomoa waya, akafungua skrubu, akazungusha balbu ikatoka, kisha akainamisha taa juu ya beseni. Maji yalitoka na rangi ya chai ya maziwa. Yalipotulia, chini ya beseni kulibaki mchanga mwembamba, na juu ya mchanga konokono mdogo kuliko punje ya dengu. Konokono akatoa pembe zake mbili, akaanza safari. Mama Taa akabaki mdomo wazi. Waosha magari gani hawa wanaopulizia watu konokono?

Alikausha taa kwa kikausha nywele cha dada yake msusi, moto mdogo ili plastiki isijikunje, kisha akaziba kipumulio, kile kimpira cha nyuma kinachoiachia taa hewa, na kuizamisha yote kwenye ndoo. Hata kiputo kimoja hakikutoka. Gundi yake ilikuwa imara. Basi maji yalipita kwenye kipumulio, na hilo hutokea namna moja tu: taa imewaka mpaka imepata moto, halafu ghafla imezama kwenye maji baridi. Hewa ya ndani inasinyaa, na taa inavuta maji. Kwa maneno mengine, mume wake alikuwa anawasha taa za ukungu na kuliingiza gari mtoni mpaka kwenye bampa, na alikuwa akifanya hivyo mara kwa mara.

Kiangazi kile, ukungu ulikuwa unakaa sehemu moja tu, bondeni, alfajiri, juu ya mto ambao daraja lake lilikuwa limevunjika karibu na tanuri la zamani la matofali. Magari yalivuka kwa kupita majini. Ng'ambo ya pale hapakuwa na duka la kuuza hata kiberiti, sembuse madaftari. Na mumewe kila Jumamosi alikuwa akitoka kabla ya chai, eti anazungukia wateja.

Mama Taa aliyapanga hayo yote kichwani, na jibu likawa moja. Nyumba ndogo.

Mama yake mzazi aliishi maisha yake yote akijifanya haoni, akimpakulia chakula mtu aliyetoka kula kwingine, na Mama Taa alijiapia tangu usichana kwamba yeye hatafanya hivyo hata siku moja. Akithibitisha tu, angemchukua mtoto na kuondoka siku hiyo hiyo. Hapangekuwa na kikao wala wazee wa kusuluhisha. Na huyu ndiye mume ambaye mashoga zake walimwonea wivu! "Umeolewa na yatima," dada yake alipenda kumtania. "Umepata mume bila mama mkwe. Ungetaka nini tena?"

Jumamosi ilipofika alimwacha mumewe atangulie, akampeleka mtoto kwa dada yake, akakodi pikipiki mpaka kwenye daraja lililovunjika. Mchimba mchanga alikuwa amesimama majini, suruali imekunjwa, akipakia ndoo.

"Samahani kaka, umeliona gari jeupe, lenye taa mbili ndogo hapa chini?"

"La yule mgane? Limepita muda tu."

"Mgane gani?"

"Yule kaka aliyefiwa na mkewe. Kila Jumamosi yuko huku. Mtu mwema sana, masikini. Nyumba ile pale, yenye mlango wa buluu. We ni ndugu yake?"

Kwa hiyo mumewe alikuwa na mke huku, na mke huyo amekufa! Alimzika mwanamke, akarudi nyumbani, akanawa mikono, akala, akauliza kama kuna chumvi. Mama Taa alivua viatu na kuvuka mto, na baridi ya maji hakuisikia. Hasira aliyotoka nayo nyumbani ilikuwa imekwisha. Utagombana vipi na marehemu?

Alibisha hodi. Mlango ukafunguliwa na mwanamke aliyepita umri wa makamo, ameshika sinia yenye kikombe cha chai, na paji lake la uso lilikuwa la mume wa Mama Taa mtupu.

Mwanamke yule akamtazama. Sinia ikaanguka.

"Usinikaribie!" alipiga kelele, akirudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga ukuta. "Nilikuombea! Kila siku nakuombea, unataka nini tena kwangu?"

Mama Taa angemjibu, lakini macho yake yalikuwa yamepanda ukutani, juu ya kichwa cha mama yule. Kulikuwa na picha kubwa ndani ya fremu, imezungushiwa maua ya plastiki. Picha ya marehemu. Bibi harusi akitabasamu, bega moja limekatwa kwa mkasi pale alipokuwa amesimama bwana harusi. Uso ulikuwa wake. Mama Taa alijishika shavu kuhakikisha bado lina joto.

Mume aliingia mbio kutoka uani, nyundo mkononi. Aliwaona wote wawili, na rangi ikamtoka.

"Mama," alisema.

"Mama yupi?" Mama Taa aliuliza. "Mama yako si alikufa kabla hujanioa?"

Mama yule akaubandua mgongo ukutani. Akamgeukia mwanawe.

"Nani alikufa?"

Nyundo ilitua chini taratibu, na mwenyewe akaifuata akakaa sakafuni. Maneno yalimtoka kwa kuvutwa. Alipotaka kuoa, mama yake alikuwa amemchagulia msichana mwingine, akaapa kwamba kwenye harusi hiyo hatatia mguu. Ukweni angewaambia nini? Akawaambia hana mama. Wakamhurumia, mjomba wa bibi harusi akasimama badala ya mama, harusi ikapita salama. Baada ya mwaka mama akalainika. Akataka apelekwe akamwone mkamwana wake, amwombe radhi. Sasa marehemu atapelekwaje nyumbani kwa watu? Mtu mwingine angesema kweli na kubeba aibu yake. Huyu hakuwa na moyo huo. Aliona rahisi zaidi kuua wa pili.

Mama mkwe alizungumza kwa sauti ndogo ya mtu anayeulizia habari zake mwenyewe.

"Mimi nilikufa kwa nini?"

"Moyo," Mama Taa alijibu. "Usingizini. Alisema hukuteseka."

"Haya, afadhali." Akamnyooshea Mama Taa kidole. "Wewe ulifia kwenye uzazi."

Mama Taa alikuwa karibu kucheka, kile kicheko cha wazimu.

"Uzazi?"

"Wewe na mtoto. Alikuja hapa analia, nikalia naye mpaka kukapambazuka. Vinguo nilivyokuwa nimemshonea mjukuu wangu nikavigawa kwa majirani."

Mama Taa alimgeukia mumewe. Hakumtambua.

"Na mtoto?"

"Mtoto angekuwepo, mama angetaka kumwona," alisema, akitazama sakafu. "Ningefanyaje?"

"Umemuua mtoto! Jana umemwogesha, umemsomea hadithi, na huku ulishamzika!"

"Yu hai?" mama mkwe alinong'ona.

"Yu hai, mama. Ana miaka sita. Meno ya mbele yameng'oka, na anabishana na kila mtu."

Mama mkwe alifunika mdomo kwa viganja vyote viwili. Akakaa pale pale kwenye vigae vya kikombe na chai iliyomwagika.

"Nilikuwa nataka kuwaambia," mume alisema. "Kila Jumamosi nilijiambia, leo."

"Leo gani?" mama yake akamkata. "Ulikuwa unangoja tufe kweli?"

Mama Taa alikuwa amekuja kumtafuta mwanamke mwingine, na angempata angejua la kufanya. Kiapo chake kilikuwa tayari tangu usichana. Kwa hili hakuwa na kiapo. Alikumbuka kila mwaka, siku ile waliyoiita ya kifo cha mama, mumewe alivyolala kifuani pake akilia, naye akimpapasa kichwa. Na huku kumbe alimlilia yeye, mkewe, vile vile. Machozi yale hayakuwa ya kuigiza. Angeyajua. Yalikuwa ya kweli kabisa, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote.

Alimshika mama mkwe mkono, akamwinua.

"Nipeleke," mama alisema, akitafuta viatu kwa miguu huku machozi yanamtiririka. "Mwanangu, nipeleke nikamwone."

Mume akainuka haraka, akapangusa suruali na kutoa funguo mfukoni. "Twendeni. Nitawaendesha."

Mama Taa akanyoosha mkono, na funguo zikatua kiganjani mwake.

"Na mimi?" mume aliuliza.

"Wewe baki hapa," alimwambia. "Umeshazoea kufiwa."