Viazi Vilivyoingia Ndani ya Uzio

Kibarua wa shamba la majaribio, mama wa watoto wanne, alikuwa siku ya pili akichimba viazi vizima, vinene, visivyo na hata doa, na kuvimwaga shimoni vichomwe moto. Ukungu ulikuwa umeozesha mashamba yote ya jirani. Hivi haukuvigusa, maana watafiti walikuwa wamevitia kinga ya kiazi mwitu. Mgongo ulimuuma, lakini moyo ndio uliomuuma zaidi.

"Kibali cha majaribio kimeisha," alisema mkaguzi, mwavuli mkononi. "Kamati haijakaa kutoa kingine."

"Tangu lini, mzee?"

"Mwaka wa tatu huu. Akidi haitimii. Mwaga, mama, mwaga."

Mara mama mkwe wake akaingia langoni na kikapu kichwani. Loo! Mama yule yule aliyetangaza mtaa mzima kwamba viazi vya maabara vinafunga kizazi, aliyekataa hata maji kutoka mkononi mwa mke wa mwanawe! Leo alikuwa amekwisha, kabaki mifupa na kanga.

"Nisamehe maneno yangu, mwanangu. Shamba limeoza lote. Nipe mbegu, kidogo tu."

Akashusha kikapu. Ndani mlikuwa na viazi kumi na vinne, vyote alivyookoa. Kwao mtu haendi kuomba mbegu mikono mitupu. Hubeba mbegu yake, wakabadilishana.

Mkaguzi alitikisa kichwa. "Havitoki hapa."

"Hivi vyangu, baba. Nimekuja navyo."

"Vimeshaingia ndani ya uzio. Mimi nitavijuaje?"

"Si hivi vidogo, vina madoa! Tazama mwenyewe!"

"Sheria haiangalii madoa, mama."

Mkaguzi akakichukua kikapu taratibu, kwa adabu kabisa, akakimimina shimoni. Kisha akamkabidhi kibarua dumu la mafuta ya taa na kiberiti. Kibarua alisimama kidogo. Akawafikiria watoto, akamwaga, akawasha.

Vya juu viliungua. Vya chini viliiva, harufu yake ikatapakaa mpaka kwenye nyumba ambazo hazikuwa zimepika tangu juzi. Mama mkwe akapiga magoti ukingoni, akaingiza mkono motoni.

"Mzuie!" mkaguzi alifoka.

Kibarua akamkumbatia kwa nyuma. Mama hakuwa na uzito wowote. Alipiga mateke, akalia, akamwita mkwewe kwa jina la utoto, na mkwewe, huku naye akilia, akamshikilia kwa nguvu zake zote mpaka viazi vyote vikawa majivu.