Tisini na Nane Hadi Mstari wa Mwisho

Pale kwetu mashine haimsubiri mtoto. Mtoto ndiye anayeisubiri mashine. Mkuu wa chumba cha MRI tulimbatiza Bwana Foleni, maana ukimwambia mgonjwa amezimia, yeye huuliza ni namba ngapi. Ndiye aliyeweka utaratibu wa watoto kunyweshwa dawa ya usingizi huko huko wodini, wateremshwe wakiwa wamelala fofofo, ili mashine isikae bure hata dakika moja.

Mtoto mdogo hawezi kutulia dakika arobaini ndani ya bomba linalogonga kama karakana, hilo nakubali. Lakini dawa inayomlaza mtoto inaweza kuilaza na pumzi yake. Kazi yangu, mimi muuguzi wa usingizi, ni kumtazama kifua na kuandika oksijeni yake kila dakika tano.

Kifaa cha kupimia oksijeni kinachoruhusiwa kukaa karibu na sumaku ya ile mashine kiliharibika miezi miwili kabla. Tukawa tunachungulia kupitia kioo cha dirisha na kukisia. Mwishowe Bwana Foleni akasema fomu zijazwe asubuhi kabisa, tisini na nane kwa mia, oksijeni ya mtoto asiye na shida, kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kazi ziende. Nami nilijaza. Nilikaa na kikombe changu cha chai nikajaza fomu za watoto ambao sijawaona hata sura.

Jumanne moja aliletwa mtoto wa miaka mitatu mwenye degedege. Mama yake alimbeba mwenyewe, kwa kuwa kitanda cha magurudumu hakikupatikana. Bwana Foleni akamzuia mlangoni.

"Kaa hapo kwenye benchi, mama. Kuna mtu ndani."

"Amelala tangu huko juu, daktari. Si ataamka?"

"Akiamka tutamwongeza."

Tutamwongeza, kana kwamba ni mchuzi. Nilimsikia nikiwa ndani, nikakereka, lakini nikaendelea na shughuli zangu. Hilo nalo najilaumu.

Nilipotoka, mama alikuwa amemkumbatia mwanawe kama mama yeyote: kidevu cha mtoto kimezama kifuani, shuka limemfunika mpaka puani. Hakuna aliyemwambia kwamba mtoto aliyelazwa kwa dawa hashikwi hivyo, njia ya hewa huziba. Nilifunua shuka. Midomo ilikuwa ya kijivu na kifua hakiinuki.

Sikumbuki kama nilimwomba au nilimpokonya. Nilimlaza mtoto sakafuni, nikamwinua kidevu, nikampachika kipimo cha kidoleni cha huku nje na kuanza kumpumulisha kwa mfuko wa hewa. Sabini na moja. Nikabonyeza, nikabonyeza tena. Sabini na nne. Themanini na mbili. Kisha akakohoa, akalia kilio chembamba.

Bwana Foleni alikuwa amesimama juu yetu, macho kwenye saa. "Basi ameamka. Mwongeze kidogo aingie, zamu yake imefika."

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakavuma. "Huyu haingii leo. Na hakuna mtoto atakayeingia mpaka kile kifaa cha ndani kitengenezwe."

"Sista, usiniletee siasa kazini."

"Umemnywesha mtoto dawa ukamwacha kwenye benchi, halafu mwenye siasa ni mimi?"

Mama alikuwa ameketi chini, mtoto mapajani, oksijeni puani. Faili la mtoto, lenye fomu niliyoijaza asubuhi, lilikuwa limeanguka karibu naye. Aliliokota, akasoma polepole, kidole kikifuata mistari.

"Hapa pameandikwa saa nne na robo, tisini na nane, anapumua vizuri." Akatazama saa ya ukutani. "Saa nne na robo si ndipo alikuwa hapa sakafuni?"

"Hiyo ni karatasi ya ofisi, mama," Bwana Foleni akasema, mkono ameunyoosha. Mama hakumpa.

"Na hapa ni saa tano kasorobo. Saa tano kasorobo bado haijafika." Akainua uso. "Nani ameandika haya?"

Bwana Foleni akanitazama, tena kwa utulivu. Alijua kwamba zile fomu tulizipika pamoja, na mla na wenzake hataji jungu.

"Mimi," nikasema. "Mwandiko ni wangu. Ishike hiyo fomu, usimpe mtu yeyote. Namwita mganga mkuu aje aisome hapa hapa, mbele yako."

 Mama akamhamisha mwanawe hadi mkono wa pili, upande ulio mbali nami.