Mke Anayemjua Mumewe kwa Kikohozi

Tangu shule ya msingi walimwita Kamusi, na jina lile halikumbanduka hata alipoajiriwa na kampuni ya kuchapisha vitabu. Kazi yake huko ilikuwa kukusanya mambo ya ajabu: kwa nini pweza ana mioyo mitatu, kwa nini asali haiozi, kwa nini mtu hawezi kujitekenya. Kitabu chake cha kwanza kilipotoka, baba yake, fundi wa pasi na feni, alikiweka mezani kwake katikati ya feni zilizopasuliwa matumbo. Mteja akija kuchukua pasi yake, alisomewa jambo moja kabla hajaondoka, atake asitake.

"Kaandika binti yangu," baba alisema, na mteja akatikisa kichwa huku pasi inamning'inia mkononi.

Mama yake hakuwa mtu wa maneno mengi. Majirani walisema anaringa, kwa sababu alipishana nao barabarani bila salamu. Kamusi peke yake ndiye aliyejua sababu. Siku moja, kitabu kikiwa bado kinaandikwa, mama alimpita yeye mwenyewe, mtoto wa kumzaa, mlangoni mwa benki, akamtazama usoni kama mtu baki. Walipofika nyumbani, wakiwa wanakunja nguo, mama akamweleza. Sura za watu hazikumkaa kichwani. Macho aliyaona, pua aliiona, lakini akigeuka tu, vyote vimefutika. Watu aliwajua kwa sauti, kwa mwendo, kwa nguo.

"Na baba je?"

"Anavyokohoa kabla ya kusema. Akiwa kimya kwenye watu wengi, namtafuta kama kipofu." Mama akalaza shati juu ya mengine. "Usimwambie. Ataona nimemdanganya miaka yote hii."

Kamusi hakumwambia. Alimwandika.

Hakuwa na nia mbaya. Sura ya kitabu iliyohusu milango ya fahamu ilikuwa pungufu, mhariri anamsukuma, na kile kisa kilikuwa kimemkaa kichwani kikiwa tayari kimeiva. Akaandika kwamba yuko mke asiyemjua mumewe kwa uso, na hadi leo humtambua kwa kikohozi. Jina hakutaja. Akajiambia pasipo jina hapana siri.

Kitabu kilipokwisha kutoka, Jumamosi moja yeye na mama yake walikwenda kusukwa. Msusi alikuwa amekinunua kitabu kumuunga mkono mteja wake, na mwanamke aliyekuwa akisubiri zamu alikifungua akaanza kuwasomea wenzake. Wakasikia ya pweza. Wakasikia ya asali. Kisha wakasikia ya mke na kikohozi.

"Muongo huyo," msusi akasema. "Anatafuta kisingizio cha kuingia chumba kisicho chake."

Ukumbi mzima ukacheka. Mama naye akacheka, kichwa chake kikiwa mikononi mwa msusi, hawezi kukigeuza. Kwenye kioo Kamusi alimwona anacheka kwa mdomo tu, macho ameyainamisha magotini.

"Kamusi," yule msomaji akauliza, "huyo mke unamfahamu?"

"Hapana. Nilisoma mahali."

Walipotoka, mama alitembea hatua kadhaa mbele, halafu akasimama amngojee.

"Ulisoma wapi?"

Kamusi akakosa pa kuweka uso. "Mama, nisamehe. Lakini sikutaja jina."

"Ungeniandika kwa hasira ningeelewa, watu hukasirikiana. Lakini umeniweka na pweza." Hakupandisha sauti. "Baba yako amefika wapi na hicho kitabu?"

Kamusi hakujua. Alimwacha mama nyumbani, akaenda moja kwa moja kwenye karakana ya baba, njia nzima akitunga uongo: angesema kina makosa ya uchapaji, akirudishe ofisini. Alipoingia, mezani palikuwa na feni tu.

"Kitabu kimo kwenye droo," baba alisema, bila kuinua macho kwenye nyaya. "Ule ukurasa nilishausoma. Nilikuwa namsomea mteja, nikakohoa palepale katikati. Alicheka sana yule bwana."

"Baba..."

"Tulipokuwa wachanga kwenye ndoa, mama yako alinipita mbele ya wafanyakazi wenzangu. Wakanitania kwamba mke hanitaki. Nikamnunia mwezi mzima, nikawa naingia na kutoka simsemeshi." Aliweka bisibisi chini. "Kumbe nyumba ile ile alikuwa hajui kama aliyeingia ni mimi au nani. Na hakulalamika hata siku moja."

Kamusi alisimama palepale, mkoba umemshuka begani.

"Nimwambie kwamba unajua?"

"Wewe umeshasema ya kutosha," baba akajibu. Hakulisema kwa ukali, na hilo ndilo lililouma zaidi.

Baba mwenyewe ndiye aliyemwambia mama jioni ile, mlango wa chumba ukiwa umefungwa. Kamusi alibaki jikoni akiosha vyombo vilivyokuwa safi. Alimsikia baba akiongea kwa muda mrefu, kisha mama akilia, kisha, ajabu, wote wawili wakicheka kwa sauti ndogo. Hakuitwa.

Kitabu kilipochapishwa tena, alisimamia mwenyewe kisa kile kiondolewe. Mhariri alinung'unika, akasema ndicho wasomaji walichokipenda kuliko vyote. Nakala za mwanzo zilikuwa zimeshaenea, na namna ya kuzirudisha haikuwapo.

Wazazi wake siku hizi hutoka pamoja zaidi kuliko zamani. Kamusi akienda kuwaona hupokewa vizuri. Mama humwekea chai, humuuliza kama amekula. Mara nyingine, wakichambua mchele, mama huanza, "Unajua, nilipokuwa msichana, kuna kitu nilikuwa nakiogopa..." Halafu humtupia jicho, akainama tena kwenye sinia.

"Ah, basi tu. Kazini hawajambo?"

Na Kamusi humjibu kwamba hawajambo.