Mara ya Tatu

Huku kwetu kaskazini mwa Minnesota, mtu akikupa kipande cha keki hupokei papo hapo. Unasema, "Aa, nisikusumbue." Akikukaribisha mara ya pili unasema labda kuna mwingine mwenye njaa kuliko wewe. Mara ya tatu ndipo unanyoosha mkono: "Haya basi, kidogo tu." Anayepokea mara ya kwanza ni mlafi, na habari zake zitafika kanisani Jumapili kabla yake. Na anayekataa mara ya tatu, huyo amekataa kweli, sahani inaondolewa na haulizwi tena. Hakuna aliyetufundisha darasani. Tumezaliwa tukayakuta.

LaVonne Tveit aliijua adabu hiyo kuliko wengi. Alikuwa mpishi wa shule ya mji wetu, mwaka wa thelathini na sita huo, na hakuna mtoto aliyepita mikononi mwake akatoka na njaa kwa kuona haya. Mumewe Duane alifariki majira matatu ya baridi yaliyopita. Walijaliwa mtoto mmoja tu, Britta, aliyezaliwa watu walipokwisha kukata tamaa, na mtoto mwenyewe, bwana wee, kichwa chake kilikuwa kikali kama msumeno mpya. Hesabu za watu wazima alizimaliza akiwa kidato cha pili. Walimu walibaki kumtafutia vitabu vya kumnyamazisha.

Basi mwezi wa Aprili mlango wa friji ya LaVonne ulikuwa na barua mbili. Moja ilitoka chuo kidogo cha mji wa jirani, dakika arobaini kwa gari. Kilimpa Britta nusu ya karo, naye angeweza kulala nyumbani kila siku. Ya pili ilitoka chuo kikuu kimoja cha kusini, mwendo wa siku mbili barabarani. Hao walimtaka kwenye programu yao ya wanafunzi bora: watoto arobaini tu kwa mwaka, madarasa madogo, profesa wa kumshika mkono tangu siku ya kwanza, na ufadhili kamili juu yake. Ufadhili wenyewe ulikuwa wa akili, haukuwa wa umaskini, na barua ilisisitiza hilo mara mbili. Jibu lilitakiwa kabla ya tarehe mosi Mei.

Britta alichora mstari katikati ya karatasi, chuo hiki upande huu, kile upande ule, akaandika wiki nzima. LaVonne alipita karibu na karatasi hiyo mara kumi kwa siku na hakuisoma, au tuseme hakuisoma akionekana.

"Mama, wewe unaonaje?"

"Wewe ndiwe utakayesoma," alijibu LaVonne, akaendelea kufuta meza ambayo ilikuwa safi.

Alhamisi ya mwisho ya mwezi, saa kumi alasiri, simu ya Britta ililia. LaVonne alikuwa kwenye sinki akisugua trei, kwa hiyo alisikia upande mmoja tu.

"Ndiyo, ni mimi. Oo, asante. Ni heshima kubwa kweli. Lakini, sijui, nafikiri lazima kuna mwingine anayeihitaji kuliko mimi. Ndiyo. Ndiyo, naelewa. Haya, na wewe pia, siku njema."

Akaweka simu mezani, akachukua tufaha.

"Nani huyo?" LaVonne aliuliza.

"Yule mama wa chuo cha kusini. Alitaka kujua kama naikubali nafasi yao."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia kuna wengine."

"Naye akasemaje?"

"Ameshukuru kwa kumjibu mapema, akanitakia kila la heri." Britta aling'ata tufaha. "Atapiga tena."

LaVonne alisimama na trei mkononi, maji yanamchuruzika hadi viwikoni. Maneno hayo mawili aliyajua. Aliyasema yeye mwenyewe, ndani ya jiko hilihili, mwaka elfu moja mia tisa themanini na nane.

Siku hizo simu ilikuwa ya ukutani, ya rangi ya kahawia, na waya wake ulikuwa mrefu mpaka ndani ya stoo, ambako wasichana walijifungia kuzungumza na wachumba. Mama yake, Bi. Ardis, alikuwa akimenya viazi. LaVonne alikuwa na miaka kumi na minane, wa kwanza wa hesabu katika wilaya, na nywele alizokuwa ameziunguza kwa dawa ya mawimbi akadhani amependeza. Bwana aliyepiga alikuwa wa chuo cha mashariki, wa kusema haraka kama mnadani. Tunayo nafasi yako kwenye programu ya wanafunzi bora, alisema, na ufadhili, na wapo wanaosubiri nyuma yako, je, unakubali?

LaVonne akasema, kwa adabu zote alizolelewa nazo, "Oo, sijui kama nastahili. Labda mumpe mwingine."

Yule bwana akasema anasikitika, akamtakia kila la heri. Mambo yakaisha hapo.

"Vipi?" Bi. Ardis alimwuliza.

"Atapiga tena."

Siku tatu alikaa karibu na simu ile. Ijumaa wenzake walikwenda sinema, yeye akasema kichwa kinamuuma. Bi. Ardis alilisogeza beseni la viazi upande wa pili wa meza ili binti apate kiti cha karibu na ukuta. Jumatatu mama mtu akainua mkonga wa simu akasikiliza kama laini ni nzima, akaurudisha polepole. Laini ilikuwa nzima. Wala hakuna aliyewaza kwamba LaVonne angeweza kupiga yeye. Kupiga mwenyewe ni kuomba keki, na keki huku haiombwi. Waliokuzwa kwingine watacheka. Wacheke tu.

Agosti akaingia jiko la shule, kwa muda tu. Huko ndiko Duane alikoleta maziwa kila asubuhi, akijifanya amesahau kreti moja ili arudi tena. LaVonne hakumjutia Duane hata siku moja, wala maisha yake hakuyaona mabaya. Mpaka leo alikuwa akipiga hesabu ya unga na nyama ya watoto mia tatu na kumi bila kushika kalamu, na wapishi wenzake wakimtania kuwa kikokotoo chenye aproni. Alicheka nao. Lakini zipo asubuhi, anakoroga supu peke yake kabla hakujapambazuka, alipomkumbuka yule msichana wa nywele zilizoungua, aliyekaa wima kitini siku tatu, na moyo ukamuuma kwa ajili yake. Alitamani hata mara moja tu ampitie pale jikoni amwambie: inuka, shika simu. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja kinyume. Wa LaVonne alikuja akazeeka naye.

"Kaa chini," alimwambia Britta. "Na uache hilo tufaha."

Akamsimulia yote, bila kupamba. Kisa kizima kilikwisha kabla trei haijakauka, na yeye alikaa nacho miaka thelathini na sita.

"Hujawahi kuniambia," Britta alisema.

"Ningesemaje? Nilikosa chuo kwa sababu ya adabu?"

"Baba alijua?"

"Alijua kwamba sipendi simu."

Britta akaanza kucheka, kisha akaona uso wa mama yake akaacha. LaVonne akapangusa mikono, akaichukua simu ya binti yake, akabonyeza ile namba ya juu kabisa. Mtu huyu alikuwa hajawahi kurudisha hata supu baridi mkahawani. Shingo yake ilikuwa nyekundu mpaka masikioni.

Aliyepokea alijitaja kuwa Bi. Peavy, sauti nzito na ya taratibu, mwanamke wa kusini wa kumwita kila mtu mpenzi.

"Mimi ni mama yake Britta Tveit," LaVonne alisema. "Samahani kwa usumbufu. Umeongea naye sasa hivi. Hajakataa."

"Mpenzi, mimi nimemsikia akikataa."

"Amekataa mara ya kwanza. Huku kwetu mtu huulizwa mara tatu. Wewe umeuliza moja ukaondoka."

Bi. Peavy akacheka, cheko la tumboni.

"Ama kweli dunia ina watu. Huku kwetu ukiulizwa mara moja, sahani tayari iko mapajani. Sasa sikia, mpenzi. Bahati yenu nilikuwa nakunywa chai, jina lake bado sijalifuta. Nitaishika nafasi hiyo mpaka kesho saa mbili asubuhi, nikifika tu ofisini. Lakini 'ndiyo' nataka niisikie kinywani mwake. Wewe nimekwisha kukusikia."

Jioni hiyo walikula viazi na nyama ya kusaga ya trei, chakula cha siku ambazo LaVonne hana moyo wa kupika. Britta aliigeuzageuza nyama kwa uma.

"Unaitaka nafasi ile?" LaVonne alimwuliza. "Sema kweli. Usiniambie ya wengine."

"Naitaka. Tangu Machi. Nimeisoma ile barua hata vituo vyake navijua."

"Sasa kilichokufanya umjibu yule mama vile ni nini?"

Britta akatazama kiti cha baba yake, ambacho hakuna aliyekiondoa.

"Chuo cha hapa nacho si kibaya," alisema. "Naweza kulala nyumbani. Tukala pamoja hivi. Ungependa nibaki?"

"Aa," LaVonne alisema, "usijisumbue." Ulimi ulimtangulia kabla hajafikiri.

Baadaye walisimama kwenye sinki, mmoja anaosha, mwingine anakausha. Britta akaifuta sahani moja mpaka ikalia.

"Na theluji itazolewa na nani? Nyonga yako yenyewe unaijua. Mwaka jana ulianguka pale ngazini ukakaa nusu saa, hukumwita mtu."

"Dakika ishirini."

"Mama."

"Arlys yupo hapo jirani, ana mashine yake ya theluji na hana la kufanya ila kuchungulia dirishani kwangu."

"Hata hivyo naweza kubaki. Si dhabihu. Nasema kweli."

"Wapo wanaohitaji mtu wa kukaa nao kuliko mimi," LaVonne alisema.

Hizo zikawa mbili. Wote wawili walizihesabu.

Asubuhi LaVonne aliomba ruhusa ya kuchelewa kazini, ya kwanza tangu msiba. Alipika kahawa akasahau kuinywa. Saa mbili kasoro dakika tano Britta aliingia jikoni amekwisha kuvaa, simu mkononi, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Akasimama mbele ya mama yake, wima, kama anayetoa ushahidi.

"Mama, nakuuliza mara ya tatu. Nibaki?"

Friji ilikuwa ikiunguruma. Ngoja nisiwafiche: LaVonne alitaka. Alitaka kwa mwili wote. Aliiona jioni ya Januari, gari la binti likikunja kona, taa zake zikipita ukutani, sahani mbili mezani badala ya moja. Aliona miaka minne ya jioni za namna hiyo, zimekaa kwenye sahani, zimeletwa mpaka kidevuni pake na mtu anayempenda. Hakuna mtu wa huku ambaye angemlaumu. Mara ya tatu mtu hupokea. Neno lenyewe alilijua, na lilikuwa fupi: haya basi, kidogo tu.

"Hapana," alisema LaVonne.

Britta alimtazama. Alikuwa mtoto wa mji huu, hakuhitaji kufafanuliwa. Akaitikia kwa kichwa, akapiga namba.

LaVonne akaingia stoo, akauvuta mlango nyuma yake. Ukutani, chini ya rangi, bado palikuwa na matundu mawili ya skrubu za ile simu ya kahawia, zilizokuwa zimepenya kutoka upande wa jikoni, naye aliweka vidole vyake juu yake. Kutoka jikoni alimsikia binti yake akisema, "Bi. Peavy? Ni Britta," kisha, kabla yule mama hajamaliza kuuliza, "Ndiyo. Ndiyo, nakubali."

LaVonne akalia pale gizani, katikati ya makopo ya maharage, mahali waya ulipokuwa ukikomea. Alilia kwa sauti ya chini, asije akamsumbua mtu aliye kwenye simu.