Milango Sita ya Fundi Sawasawa

Siku ya tatu baada ya kufunguliwa bandeji, Fundi Sawasawa aliuona mlango wa chumba chake mwenyewe, akashikwa na aibu. Juu umebana, chini una pengo la kupitisha paka. Na yeye ndiye aliyeutengeneza.

Kwa mwaka mzima mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, na hakumwambia mtu ila mkewe. Alipima kwa vidole, akakata kwa kukisia, na mteja akiuliza kazi imefikia wapi, alijibu "sawasawa kabisa" kwa sauti ya mtu asiye na shaka. Hilo ndilo lililompa jina. Peke yake, alimlilia Mungu amrudishie macho. Kisha madaktari wa macho wakapita mtaani, wakampasua, na sasa aliona hadi vumbi kwenye kope za mkewe.

"Keshokutwa utasimama kwenye ibada ushukuru," mkewe alimwambia. "Nimeshawaarifu."

"Na milango?"

"Milango gani tena, baba watoto?"

"Sita. Niliyowapachikia watu nikiwa sioni."

Mkewe akaweka sufuria chini. "Ukienda kuwaambia watu ulikuwa kipofu huku unawafanyia kazi, nani atakuita tena? Wenyewe hawajalalamika. Mungu keshakusitiri, nawe unataka kujivua nguo barabarani."

Fundi alifikiri. Jina ndilo lililokuwa mali yake pekee, na mke hakukosea. Lakini moyo ulikataa katakata.

"Siwezi kumshukuru Mungu kwa macho, halafu nikayafumba," alisema, akabeba sanduku la vifaa.

Alianza kwa Mama Mkunga, mjane aliyezalisha nusu ya mtaa na kuisema nusu nyingine. Kama kuna mtu wa kumtangaza, ni huyu. Ndiyo maana alianza kwake. Akivuka hapa, kwingine ni kuteremka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Naona unanitazama usoni leo."

Fundi akayatoa yote bila kupumzika: macho, kukisia, uongo. Mama Mkunga alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka hadi akashika ukuta.

"Siku uliyokuja kupima, ulipima dirisha. Nikakuvuta mkono nikakuleta mlangoni. Ulidhani nami sioni?"

"Ulijua? Mbona ukaniachia kazi?"

"Ningekunyima, ungejifungia ndani ukafa kwa majonzi. Nawajua wanaume." Akaugusa ule mlango. "Huu haufunguki mpaka niunyanyue kwa bega. Basi kila asubuhi nikiunyanyua, nasema, Mungu, mtazame fundi wangu, mpe macho. Mwaka mzima, fundi. Bega hili lina alama."

Fundi Sawasawa aliutazama mlango ule. Alikuwa amedhani aliomba peke yake. Kumbe kazi yake mbovu, ile aliyoiona aibu, ndiyo iliyokuwa ikimkumbusha mtu kumwombea. Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. Macho mapya nayo yana haki yake.

Kisha akapiga magoti, akafungua bawaba, akaulaza mlango chini. Aliupiga randa taratibu, akapima, akapima tena, akakataa chai mpaka amalize. Jua lilipopanda alikuwa ameurudisha mahali pake.

Mama Mkunga akaufungua kwa kidole kimoja. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Umeniharibia," alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha sana. "Sasa kitu gani kitanikumbusha kukuombea?"

"Uliloomba umepewa, mama," fundi alijibu, akifuta randa na kuirudisha sandukuni. "Kuanzia kesho, ukiufungua, nisaidie kushukuru. Peke yangu sitamaliza, na bado nina milango mitano."