Pamba ya Bibi Desanka

Mwezi mzima kibanio cha umeme ninachotumia kutuliza wagonjwa wangu kilikaa sikioni mwa Dunja, mtoto mwenye usonji anayepiga mayowe kengele ya shule ikilia, na hakikumsaidia hata chembe. Nikaenda kwao, nikakuta bibi yake ameweka chini ya kibanio pamba iliyoloweshwa rakija, pombe kali ya matunda.

"Bibi Desanka! Sasa umeme utaufikiaje mshipa wa fahamu?"

"Na upepo wa dirishani ukimwingia? Ndio uliomuua kaka yangu!"

"Mama, mjomba aliuawa na rakija," akasema Vesna, mama yake Dunja.

"Basi fungeni madirisha yote!"

Tukafunga, na joto lile la kiangazi cha Juni. Nikaitoa pamba, nikakibana tena kibanio, nikawasha umeme.

"Kinatekenya," akasema Dunja.

"Ina maana kapona?" akauliza bibi.

"Kapona wapi, bibi? Ndiyo kwanza tunaanza!"