Chandarua cha Pilipili

Kwenye suala la dawa ya wadudu, Léoncie hakuwa mtu wa mchezo hata kidogo. Kikundi chao cha wakulima wa pilipili kali pale Nakivale, kambi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda, kilikuwa na kaya thelathini na mbili, karibu wote Wakongo wa Kivu Kusini, na jicho la kikundi lilikuwa yeye. Pilipili zao zilikwenda Ulaya kwa sababu moja tu: hazikuguswa na dawa ya dukani. Hajji Buruhan, mnunuzi wao wa Kakoba mjini Mbarara, alishawaambia bila kumung'unya maneno kwamba wakichafua mzigo, cheti cha kilimo kisicho na dawa kinakwenda, naye anakwenda nacho.

Basi Léoncie alipita mashamba ya watu akinusanusa. Mwaka jana alimkuta jirani yake Baudouin na bomba mgongoni, anapulizia maharagwe. Akamburuta mbele ya kikundi. Baudouin akajitetea kwamba maharagwe yako ng'ambo ya mfereji, pilipili hajazigusa. Akaomba, akalia, mtu mzima yule, lakini wapi! Léoncie mwenyewe ndiye aliyetunga sheria siku ile: atakayeleta dawa atoke, yeye na nyumba yake yote, miaka mitatu. Mikono ikapanda, Baudouin akatoka. Tangu hapo hawakusalimiana, ingawa kuku wao walishinda pamoja uani.

Msimu huu mzigo ulikataliwa. Mbabazi, mkaguzi kijana kutoka Mbarara, alifika kwa bodaboda asubuhi na karatasi ya maabara mkononi. Dawa ya kuua wadudu imeonekana. Hajji ametuma neno: chanzo kikijulikana na kuondolewa, atawatetea, kisipojulikana, wasimtafute tena.

"Ni Baudouin!" Léoncie aliruka. "Si mi nilisema? Upepo njo umeleta dawa yake mu mashamba yetu!"

"Mama, kila gunia iko na namba," Mbabazi alisema. "Tulipima moja moja. Yenye dawa ni kumi na nne tu."

Kumi na nne ilikuwa namba ya Léoncie.

Akajipiga kifua. Njoo uone! Akamtembeza shamba zima, tuta kwa tuta, na Mbabazi hakuona kitu. Wakarudi uani, na hapo Léoncie akachangamka, maana uani ndiko kulikokuwa na fahari yake. Wenzake walianika pilipili kwenye maturubai makuukuu. Yeye alizianika juu ya kichanja, kwenye chandarua kipya cheupe, kimoja kati ya vile walivyogawiwa kambini, hewa ikipita juu na chini. Alikitoa mwenyewe kwenye mfuko wake wa kiwandani, hata mbu hajakiona. Mjukuu wake Olga, wa miaka mitano, alibaki na kile cha zamani chenye matundu, na masika yale malaria ilimlaza mara mbili. Léoncie alijiambia pilipili zikiuzwa atakilipia kitoto hiki kila kitu.

"Ona usafi, binti yangu. Hata nzi haitui hapa!"

Mbabazi alishika pindo la chandarua. "Mama, unajua kwa nini nzi haitui?"

Akaligeuza pindo mbele ya macho ya Léoncie.

"Hii neti iko na dawa. Inawekwa huko kiwandani, ya kuua mbu. Ndiyo imeingia kwa pilipili."

Léoncie akakaa chini palepale. "Na Baudouin? Gunia yake ya mwaka jana?"

"Tulipima. Ilikuwa safi. Hakuna mtu aliniuliza."

Mchana kikundi kilikutana. Goretti, mwenyekiti, alisema maskini Mama Léoncie hakujua, tumuombee kwa Hajji, na wengi wakaitikia, maana walimpenda, na wengine walimwogopa. Baudouin alikuwa amesimama nje ya uzio na jembe lake. Léoncie alimwona. Aibu ilimchoma mpaka akatamani ardhi immeze.

"Papa Baudouin," alisema kwa sauti ya wote kusikia, "nilikuonea. Pilipili yako ilikuwa safi. Mi njo nilileta dawa." Kisha akawageukia wenzake. "Sheria ni ile ile. Anayetaka nitoke anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Akanyoosha wake, akauacha juu peke yake mpaka Goretti akainama na kuandika jina lake kati ya waliotolewa. Baudouin akageuka, akaenda zake shambani.

Jioni Léoncie alikung'uta chandarua, akakifua, akakifua tena, akakianika mpaka kikauka. Angalau hiki kirudi kwa mwenyewe, alijisemea. Akakifunga juu ya kitanda cha Olga na kukichomeka vizuri pande zote. Mtoto akaingia akicheka, akajifuta uso kwa pindo jeupe.

Halafu akaanza kulia, akisugua macho kwa ngumi zote mbili.

"Bibi, inawasha kama pilipili! Bibi, kitoe!"

Léoncie akakitoa.